Kusaidiana kazi za hisabati mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanafunzi wa sekondari, hasa wa Tanzania na Kenya, wanaotumiana maswali ya hisabati kwa WhatsApp, Telegram au njia nyingine yoyote ya simu. Msimamo wetu ni mmoja: anayesaidia kazi yake ni kumwonyesha mwenzake mstari alipokosea. Kummalizia swali si msaada. Mengi yaliyo hapa chini yanaeleza namna ya kufanya hivyo bila kupoteza muda wala bando.

Kuna tofauti gani kati ya kusaidiwa na kudesa?

Kipimo ni daftari lako. Baada ya kuelekezwa, funga simu, fungua ukurasa mtupu, lifanye swali lilelile mwanzo hadi mwisho, kisha lifanye jingine la aina hiyo lenye namba tofauti. Ukiweza, umesaidiwa. Ukikwama mstari wa pili, umenakili tu, hata kama kila kitu kilionekana wazi ulipokuwa unasoma maelezo ya mwenzako.

Jambo hili lina uzito hata kwenye maksi. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, karatasi ya hisabati ya kidato cha nne ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ina maswali 14 kwa saa 3: sehemu A maswali 10 ya maksi 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya maksi 10 kila moja. Maksi hizo husambazwa kwenye hatua. Mwanafunzi aliyezoea kupokea majibu ya mwisho hufika chumba cha mtihani akiwa hajawahi kuandika hatua zake mwenyewe, na hapo ndipo maksi zinapopotea.

Niulizeje ili nijibiwe haraka na vizuri?

"Wadau nisaidieni namba 5" haijibiki. Namba 5 ya kitabu kipi, ukurasa upi, na umekwama wapi? Ujumbe unaojibika unataja kidato na mada, unaandika swali lote neno kwa neno pamoja na maelekezo yake, unaonyesha ulichofanya, halafu unasema mstari gani huuamini. Mfano:

"Kidato cha 2, milinganyo miwili ya kutatua pamoja. Swali: 2x + 3y = 12 na x − y = 1. Nimezidisha wa pili kwa 2, nikapata 2x − 2y = 2. Nimeutoa kwenye wa kwanza, nikapata y = 10, kwa hiyo x = 11. Lakini 2(11) + 3(10) = 52, sio 12. Nimekosea wapi?"

Ujumbe huo unajibiwa kwa mstari mmoja: "Rudia hapo pa kutoa: 3y − (−2y) ni ngapi?" Muulizaji ataona mwenyewe kwamba ni 5y, sio y. Kwa hiyo 5y = 10, y = 2, x = 3. Angalia pia kwamba alikuwa amehakiki jibu lake kabla ya kuuliza. Hiyo peke yake ilimwambia kuna kosa, na ilimwokoa asikae na jibu baya hadi siku ya kusahihishwa.

Kama hujui hata pa kuanzia, bado una cha kuandika. Andika unachopewa, kinachotafutwa, na kanuni unayodhani inahusika. Mara nyingi ukimaliza kuandika hayo, swali limeshaanza kufunguka.

Picha ya daftari inatosha?

Inatosha ikisomeka. Piga mchana karibu na dirisha, au usiku taa ikiwa pembeni ya daftari na sio nyuma yako, maana kivuli cha mkono na simu ndicho kinachofunika mstari wa katikati. Shika simu sambamba na karatasi, ukate pembeni ibaki swali na kazi yako tu, na hakikisha picha imesimama wima. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili iwe nyepesi. Penseli hafifu hupotea kabisa. Chagua HD wakati wa kutuma, au itume kama faili.

Kabla ya kupiga, zipe hatua zako namba pembeni: 1, 2, 3, na kuendelea. Mwenzako akisema "angalia mstari wa 4", hakuna kutafutana.

Naandikaje hisabati kwa kibodi ya simu bila kupotosha?

Tatizo kubwa ni mabano. Kwenye daftari, mstari wa sehemu na paa la kipeuo huonyesha mwanzo na mwisho. Kwenye ujumbe havipo. Ukiandika 1/2x, mmoja atasoma nusu ya x, mwingine atasoma 1 gawanya kwa 2x. Kama x ni 4, wa kwanza anapata 2 na wa pili anapata 1/8. Andika (1/2)x au 1/(2x). Vivyo hivyo √x + 9: x ikiwa 16, √(x) + 9 ni 13 ilhali √(x + 9) ni 5. Kiasi chote kiwe ndani ya mabano yake, na asili ndani ya yake: (x + 3)/(2x − 1).

Vipeo andika kwa ^, mfano x^2, 2^(n+1). Kibodi ya Google inatoa ² ukikandamiza 2 kwa muda kwenye ukurasa wa namba, na alama za √, π, × na ÷ ziko ukurasa wa pili wa alama. Usitumie herufi x kama alama ya kuzidisha kwenye swali lenye x. Nyota nayo ina hatari yake: WhatsApp huchukulia maneno yaliyo kati ya nyota mbili kuwa ya kukolezwa, na nyota zenyewe zinaweza kutoweka. Alama ndogo ya mstari wa chini hufanya jambo hilohilo kwa maandishi ya mlalo.

Ukitaka safu zipangane, kama kwenye milinganyo au matriki, anza na umalizie ujumbe kwa vialama vitatu vya ``` . Kila herufi itachukua nafasi sawa na safu hazitayumba.

Logi zenye mstari juu ya namba naziandikaje? Hapa kundi letu hugombana kila mara.

Hugombana kwa sababu kibodi haina mstari huo, na watu huweka alama ya kutoa badala yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Chukua logi ya 0.0452. Kwenye majedwali, 4.52 inatoa 0.6551. Kwa kuwa 0.0452 ni 4.52 × 10^(−2), logi yake ni −2 + 0.6551. Mstari juu ya 2 unasema kwamba 2 peke yake ndiyo hasi. Desimali imebaki chanya. Ukiandika −2.6551 umefanya yote kuwa hasi, na umeshatoka kwenye swali, kwa sababu thamani halisi ni −1.3449.

Kwenye ujumbe andika (−2) + 0.6551. Ni ndefu kidogo lakini haina utata, na inakusaidia sana unapofika kwenye vipeuo. Tuseme unatafuta kipeuo cha tatu cha 0.0452. Unatakiwa kugawa logi kwa 3, lakini −2 haigawanyiki kwa 3 bila kubaki. Wengi hugawa hivyohivyo, wakachanganya hasi na chanya. Njia ni kuazima: −2 + 0.6551 ni sawa na −3 + 1.6551. Sasa gawa: −1 + 0.5517. Antilogi ya 0.5517 ni 3.562, kwa hiyo jibu ni 0.3562. Hakiki: 0.3562 ukiizidisha yenyewe mara tatu unapata karibu 0.0452.

Ukimsaidia mtu kwenye mada hii, usianze na kanuni. Muulize: "Kwenye mstari wako wa 2, sehemu gani ni hasi?" Karibu kila kosa la logi la namba ndogo kuliko 1 linatokea hapo.

Nikijua jibu, nimwambie nini mwenzangu?

Kidogo kuliko unavyotaka kusema. Tunashauri hatua tatu, na usiruke. Kwanza taja mstari wenye tatizo bila kusema tatizo ni nini. Akishindwa, uliza swali dogo linalogusa kosa lenyewe. Akishindwa tena, mfanyie mfano mwingine wenye namba tofauti, kisha arudi kwenye swali lake. Suluhisho kamili la swali lake linakuja baada ya hapo, na ni vizuri aliandike yeye, wewe ukisahihisha.

Mfano unaojirudia mno: x² − 5x = 6. Mwanafunzi ametuma:

x(x − 5) = 6
x = 6 au x − 5 = 6
x = 6 au x = 11

Ukimwambia tu "sio hivyo, jibu ni 6 na −1", amepata namba lakini kosa liko palepale kichwani. Na kosa hili lina ujanja wake: 6 ni jibu sahihi, limetokea kwa bahati. Akihakiki hilo peke yake, 36 − 30 = 6, ataamini njia yake ni nzuri. Mwambie ahakiki na 11: 121 − 55 = 66. Kisha muulize: "Vitu viwili vikizidishwa vikatoa 6, ni lazima kimoja kiwe 6?" Hapana, vinaweza kuwa 2 na 3, au nusu na 12. Na vikizidishwa vikatoa sifuri? Hapo ni lazima kimoja kiwe sifuri. Ndiyo maana tunahamisha kila kitu upande mmoja kwanza: x² − 5x − 6 = 0, yaani (x − 6)(x + 1) = 0.

Mazungumzo hayo yanachukua dakika tano hadi kumi kwa meseji. Ni muda uliotumika vizuri, kwa sababu mwanafunzi huyo hatarudi wiki ijayo na kosa hilohilo kwenye swali jingine.

Watu wawili wametoa majibu tofauti. Nani yuko sahihi?

Msipige kura. Yarudisheni majibu kwenye swali na mkokotoe. Kwenye milinganyo hilo linamaliza ubishi papo hapo.

Lakini mara nyingine wote wako sahihi. Sababu moja ni jibu moja kuandikwa kwa sura mbili: 2/√3 na 2√3/3 ni kitu kimoja. Sababu nyingine ni thamani walizotumia. Kwenye mada ya dunia kama tufe, mmoja ametumia π = 3.14 na nusu kipenyo cha kilomita 6400, mwingine 22/7 na 6370. Kwa nyuzi 30 kwenye longitudo moja, wa kwanza anapata takriban kilomita 3349, wa pili 3337. Hakuna aliyekosea hesabu. Tofauti ya kilomita 12 hivi imetoka kwenye thamani za kuanzia. Swali lenyewe au karatasi ya mtihani husema utumie zipi, ndiyo maana tunasisitiza swali liandikwe lote pamoja na maelekezo. Kukadiria mapema, kabla ya mstari wa mwisho, nako huleta tofauti ya tarakimu ya mwisho.

Jibu langu halifanani na la nyuma ya kitabu.

Angalia kwanza kama umenakili swali sawasawa. Alama moja ya kutoa iliyosahaulika inatosha. Kisha angalia kama ni sura nyingine ya jibu lilelile. Vitabu huwa na makosa ya uchapaji, kwa hiyo kama wenzako wawili wamefanya kila mmoja kivyake na mmekubaliana, na uhakiki unakubali, endeleeni na swali linalofuata na muulizeni mwalimu siku ya kipindi.

Tunajadili kwa Kiswahili lakini mtihani ni wa Kiingereza. Je, tunajiumiza?

Hapana. Eleweni kwa lugha mnayoifikiria. Mwanafunzi aliyejifunza MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) shule ya msingi ana msingi tayari, na kumrudisha kwenye maneno hayo mara nyingi humfungua haraka kuliko istilahi mpya. Tahadhari moja kuhusu MAGAZIJUTO: kugawa na kuzidisha vina hadhi sawa na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia, na kujumlisha na kutoa hivyohivyo. 10 − 4 + 3 ni 9. Anayejumlisha kwanza kwa sababu JU inatangulia TO anapata 3, na anakosa.

Ila hatua zenyewe ziandikwe kama zitakavyoandikwa kwenye mtihani, kwa maneno ya mtihani. Na swali linalokuagiza uonyeshe kwamba kitu fulani ni kweli limeshakupa jibu: maksi zote ziko kwenye njia, kwa hiyo kuandika jibu la mwisho hakuna maana yoyote.

Maswali ya maneno ndiyo yanatushinda kabisa. Tusaidianeje?

Msianze na mlinganyo. Anayesaidia amwombe muulizaji aseme swali kwa maneno yake mwenyewe, bila namba, kisha ataje kila herufi inasimama badala ya nini. "x ni wanafunzi" haitoshi. Iwe "x ni idadi ya wanafunzi".

Sentensi inayonasa wengi ni ya aina hii: "Shule ina wanafunzi mara sita ya walimu." Tuseme n ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu. Wengi huandika 6n = m, wakifuata mpangilio wa maneno: sita, wanafunzi, walimu. Dawa yake ni kuweka namba ndogo za kubuni. Walimu wakiwa 2, wanafunzi ni 12. Weka kwenye mlinganyo: 6 × 12 = 2? Haiwezekani. Kwa hiyo ni n = 6m. Kipimo hiki cha namba za kubuni kinafaa kwenye maswali ya umri, ya bei na ya mchanganyiko, na kwenye masharti ya programu mstari (linear programming), pale "isiyopungua" na "isiyozidi" zinapogeuza alama.

Tutumie sauti, video au maandishi?

Maandishi na picha kwa hesabu, sauti kwa kueleza sababu. Sauti ya dakika tatu inayosoma namba haifuatiliki, na aliyeisikiliza hawezi kurudi kwenye mstari mmoja bila kuisikiliza yote. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni picha ya hatua zilizopewa namba, pamoja na sauti isiyozidi dakika moja inayosema kwa nini mstari wa 3 umetoka kwenye wa 2.

Video hula bando. Dakika moja inaweza kumaliza MB ambazo zingetosha picha nyingi. Na wengi kwenye kundi wamezima upakuaji wa video wa moja kwa moja. Wewe uzime pia, kwenye mipangilio ya hifadhi na data.

Photomath, ChatGPT na GeoGebra zinaruhusiwa?

Zitumie baada ya kujaribu, kwa ajili ya kuhakiki. Programu inayosoma picha hukosea mwandiko: 1 na 7, z na 2, au kipeo kilichoandikwa kikubwa kikasomwa kama namba ya kawaida. Soma kwanza ilichokisoma kabla ya kusoma jibu. Pia inaweza kutumia njia ambayo hamjafundishwa, na swali likiwa limetaka njia maalumu, kama kukamilisha mraba, jibu sahihi kwa njia nyingine linapoteza maksi. Roboti za mazungumzo nazo huandika kwa ufasaha hata zinapokosea hesabu, kwa hiyo kila jibu lirudishwe kwenye swali kama jibu la mtu mwingine yeyote.

GeoGebra ni ya bure na ni nzuri sana kwa kuona grafu inavyobadilika unapobadilisha namba. Lakini grafu ya mtihani inachorwa kwa mkono. Chora yako kwanza, ndipo ulinganishe.

Kikokotoo kimenipa jibu tofauti na la mwenzangu kwenye jedwali la grafu.

Karibu kila mara ni namba hasi isiyo na mabano. Chukua y = x² − 4x + 3, x ikiwa −1. Ukibonyeza −1² bila mabano, vikokotoo vingi hupandisha kipeo kwanza, vikatoa −1, na y inakuwa 6. Sahihi ni (−1)² = 1, kwa hiyo y = 1 + 4 + 3 = 8. Kosa hili hujitangaza kwenye grafu: nukta moja ya kushoto inashuka nje ya mkunjo. Ukiona mkunjo una kona, rudi kwenye jedwali.

Kumbukeni pia kwamba KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, inaruhusu kikokotoo kisichopangwa programu, wakati kwenye hisabati ya kidato cha nne ya NECTA watahiniwa wengi wamezoea kutumia majedwali. Kundi lenye wanafunzi wa nchi zote mbili lisisahau hilo. Maelezo ya "bonyeza hapa" hayamsaidii wa upande wa pili. Fuata maelekezo ya karatasi yako.

Kundi liwe na watu wangapi na liendeshweje?

WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024, lakini kundi la hisabati likizidi arobaini hivi, maswali huzikana. Kwa maoni yetu kumi na tano hadi thelathini ndio ukubwa mzuri, wa kidato kimoja. Admini wawe wawili au watatu. Wekeni muda maalumu, mfano saa mbili hadi saa tatu usiku, ili watu wasikae na simu siku nzima wakisubiri. Kila swali lipewe namba ya siku hiyo, na kila anayejibu ajibu kwa kuvuta ujumbe wa swali lenyewe, sio kuandika chini tu. Swali gumu ambalo halijafunguka libandikwe juu hadi lipate jibu.

Vibonzo, matangazo ya biashara na salamu za asubuhi vipelekwe kundi jingine. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloua makundi mengi.

Kazi hii ina maksi za mwalimu. Tunaruhusiwa kujadili?

Muulizeni mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayejua ameitoa kwa lengo gani. Asiposema lolote, kanuni salama ni hii: kabla ya siku ya kukusanya, vidokezo na mifano mingine tu, baada ya kukusanya, suluhisho kamili. Mtihani wa nyumbani hauguswi kabisa. Walimu hugundua kudesa kirahisi, sio kwa majibu sahihi bali kwa kosa moja la ajabu linalojirudia kwenye madaftari manane.

Nimetoa maelezo, kumbe nimekosea.

Sema mara moja, kwenye ujumbe mpya unaojibu ule wa zamani, ukitaja mstari wenye kosa. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini waliokwisha kunakili hawatarudi kusoma. Usifute, kosa lililosahihishwa hadharani linafundisha kuliko nafasi tupu iliyoandikwa kwamba ujumbe umefutwa.

Kuna hatari gani za kujiunga na makundi ya watu nisiowajua?

Kwenye kundi la WhatsApp namba yako inaweza kuonekana na watu usiowajua. Weka picha ya wasifu na taarifa zako zionekane kwa uliowahifadhi tu. Mtu akikufuata pembeni kwa "msaada wa ziada" kisha akaanza kuuliza unaishi wapi, akaomba picha zako au kukutaka mkutane, acha kujibu, hifadhi skrinishoti, mzuie, na mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini siku hiyohiyo. Hisabati inajadiliwa kundini, mbele ya wote. Hakuna swali la vipeo linalohitaji faragha. Wasichana hasa hulengwa kwa njia hii, na admini ana wajibu wa kumtoa mtu huyo bila kungoja malalamiko ya pili.

Kuna mtu anauza pepa ya mtihani wa taifa kwenye kundi. Tumpuuze tu?

Mtoeni. Kila mwaka Oktoba na Novemba zinapokaribia, ujumbe wa aina hii huzagaa. Kwa kawaida unatuma pesa, unapokea karatasi ya mwaka wa nyuma iliyobadilishwa tarehe, au hupokei chochote. Na kama ingekuwa ya kweli, NECTA na KNEC (baraza la mitihani la Kenya) hufuta matokeo ya waliohusika na udanganyifu.

Tupate wapi maswali mazuri ya kufanyia mazoezi pamoja?

Mitihani iliyopita ya NECTA iko kwenye tovuti yake, bure. Ila kuna hazina ambayo wanafunzi wachache huigusa: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa kwa kila somo. Ndani yake kuna kila swali, lilivyojibiwa, na nakala za kazi halisi za watahiniwa waliopata na waliokosa. Chukueni nakala ya kazi iliyokosewa, iwekeni kundini bila maelezo ya chini yake, na kila mtu atafute mstari uliokosewa. Hakuna zoezi linalofundisha kusaidia vizuri kuliko hilo. Vitabu vya kiada vinasomeka kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Shuleni simu haziruhusiwi, na nyumbani ni ya mzazi kwa saa moja tu. Nitanufaikaje?

Fanya maswali mchana kwenye daftari, ukiacha kurasa za kushoto wazi. Kila unapokwama, andika ulipofikia na swali lako moja, kama vile tayari unatuma. Simu ikipatikana, piga picha zote kwa mkupuo na uzitume dakika za mwanzo, kisha tumia muda unaosubiri kujibu swali la mtu mwingine. Dakika kumi za mwisho, nakili vidokezo ulivyopata kwenye ukurasa wa kushoto, mkabala na kosa. Usitegemee kuhifadhi kwenye simu isiyo yako. Kesho yake, bila simu, rudia maswali yale kwa kufuata kidokezo peke yake. Kwa walio bweni, kazi hii inafaa zaidi likizo ya Juni na ya Desemba. Wakati wa muhula, ukurasa huohuo wa kushoto unaweza kujazwa na mwenzako wa dawati.